Faili nimepewa, uamuzi wa gati siuoni: wasaidizi wa wakubwa huamulia wapi mambo yetu?

#1 MwanaWaMkomani

Asalam aleikum wanajamvi.

Nina swali kwa wenye uzoefu wa ofisi za kaunti, za wabunge na hata za wilaya za zamani. Kijiji kimoja cha visiwani, kwa wajomba zangu, kina gati bovu. Mbao zimeoza, na maji yakitoka mama mjamzito hushushwa kwa kubebwa. Wazee waliandika barua kwa ofisi moja kubwa, sitaitaja. Kimya. Mimi nikaomba nakala ya faili kwa haki ya kupata habari, na nakala nikapewa. Kwa hilo nawashukuru.

Shida ni kilichomo. Barua ya wazee ipo, ina muhuri wa kupokelewa. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu: "Mshauri, maoni yako." Chini yake mwandiko mwingine: "Nimeona. Tafadhali tuzungumze." Kisha kuna barua pepe iliyochapishwa, msaidizi mmoja kwa mwenzake: "Lile la gati tumefikia wapi?" Jibu lake: "Nakupigia." Basi. Karatasi inayofuata ni mwaliko wa semina Malindi.

Hawa si vijana wa kuchapa. Ni watu wa chumba cha pili kutoka kwa mkubwa, wanaopanga nani amwone leo na nani asubiri wiki ijayo. Ndivyo wanavyoandikiana kila siku? Na kama uamuzi haumo katika maandishi, umo wapi?

#2 KijanaWaMokowe

Uamuzi umo kwenye boti, kaka. Ofisi nyingine ziko kisiwani Amu (Lamu), nyingine ziko huku Mokowe, barani. Asubuhi mshauri, afisa mkuu, mwakilishi wadi na mwenye tenda wote wanavuka pamoja. Mpaka boti inafunga kamba, mambo yashakwisha. Nani ataandika tena?

Halafu sheria hiyo ya habari ya 2010 inawapa siku 30. Wewe una bahati umepewa.

#3 KaraniMstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa masijala, chumba cha kutunzia mafaili, tangu enzi za mashine za kuchapa, kwa hivyo niruhusu nieleze kirefu kidogo.

Barua ikiingia hupigwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, hupewa nambari ndani ya faili, kisha faili hutembea kwa daftari lake lenyewe: nani kaichukua, saa ngapi, kaweka sahihi. Afisa haandiki pembeni mwa barua ya mwananchi. Anaandika kwenye karatasi za mbele za faili, kwa nambari, kwa tarehe, kwa cheo chake. Akitaka kungoja jambo, anaandika faili irudishwe kwake tarehe fulani, na karani ana shajara ya kumkumbusha. Akimaliza kabisa, anaandika iwekwe.

Sasa hilo la "tuzungumze" si geni. Wakubwa waliandika hivyo tangu zamani, kwa sababu kuna mambo hayafai kubishaniwa kwa kalamu. Lakini palikuwa na kanuni moja ambayo mabosi wangu hawakuiacha: mkishazungumza, yule mdogo anarudi mezani na kuandika, "Tumezungumza leo. Tumekubaliana hivi na hivi. Fulani atafanya." Mistari miwili. Hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye faili yako, na ndiyo inayoniuma. Kuzungumza si kosa. Kosa ni kutorudi kuandika.

Vijana wanaoletwa na wanasiasa hawajawahi kufundishwa faili. Wanajua hotuba na mitandao. Masijala kwao ni chumba cha vumbi.

#4 MpambeZamani

Mzee wangu #3, shikamoo, lakini umetuonea.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mwanasiasa mmoja wa Pwani, nilikaa Malindi. Acheni niwaambie siku ya kawaida ilivyo. Kabla ya saa tatu mlangoni kuna foleni. Huyu ana barua ya basari, mtoto kafukuzwa shule. Huyu anataka barua ya "mleta barua hii namfahamu" aende nayo hotelini kutafuta kazi. Msiba Marafa, msiba Gede, msiba Kakoneni, na kila mmoja unataka rambirambi iandikwe jina la marehemu bila kukosea. Mialiko ya harambee. Maimamu, mapadri, vyama vya wavuvi, kina mama wa vikundi. Mkubwa mwenyewe yuko njiani na simu haishiki. Mimi na wenzangu wawili tunaandikiana siku nzima: "Yuko wapi?" "Amekula?" "Hotuba umemaliza?" "Usimpe huyo nambari." "Mwambie Alhamisi." Hizo ndizo barua za wasaidizi wakuu. Mtu akizisoma anatafuta siri ya serikali, atakuta tunatafuta gari.

La pili, na hili ni zito zaidi. Msaidizi au mshauri hana mamlaka ya kuamua kujenga gati. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, anayewajibika kwa fedha za idara ni afisa mkuu wa idara hiyo. Mimi nikiandika "tumeamua gati lijengwe" nimejitwalia kazi isiyo yangu. Nikiandika "nakupigia" nimekaa mahali pangu. Kwa hivyo MwanaWaMkomani, swali langu ni hili: faili uliyopewa ni ya nani? Ya ofisi ya mkubwa au ya idara?

#5 MwanaWaMkomani

Ya ofisi ya mkubwa. Ya idara sikuiomba, nilidhani mambo yote hupitia huko juu.

Ila bwana MpambeZamani, ukisema msaidizi haamui, mbona mtu wa idara hathubutu kutoa hata jibu la barua mpaka apigiwe na msaidizi? Hilo tunaliona sote.

#6 BiMkubwaLangoni

Hapo kwenye #5 umesema kweli. Mimi nilipeleka barua ya kikundi chetu cha kina mama idara moja, nikaambiwa, "Bi, tunangoja neno kutoka juu." Neno lenyewe halikuandikwa popote, lilikuja kwa simu. Na simu hiyo siwezi kuiomba nakala.

#7 WakiliMtaaWaBarani

Niweke sawa jambo la #2. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, ndiyo inayotoa haki ya kupata habari. Sheria yenyewe ya Kupata Habari ni ya 2016. Muda si siku 30, ni siku 21 tangu ombi kupokelewa, na ofisi inaweza kujiongezea zisizozidi 14 kama kazi ya kutafuta ni kubwa. Habari ikiwa inagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kuomba hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala.

Na Bi #6, sheria hiyo haikusema karatasi tu. Inahesabu kumbukumbu zilizo mikononi mwa ofisi ya umma kwa namna yoyote zilivyo. Ujumbe wa simu kuhusu kazi ya umma unaweza kuombwa. Kuupata ni vita nyingine, nakubali. Maneno ya mdomo ndiyo hayana nakala.

#8 DadaWaShela

Salaam. Mimi nimesoma mambo ya utawala, na nataka kumuunga mkono MpambeZamani kwa mfano wa mbali.

Hillary Clinton alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2013, akitumia barua pepe ya seva yake binafsi. Baadaye ikaja kesi ya kudai habari, na mahakama ikaamuru barua zitolewe hatua kwa hatua, mwezi baada ya mwezi, kuanzia 2015. Zikasomwa na dunia nzima, barua pepe 55,000. Wasaidizi wake wakuu walikuwa Huma Abedin, Cheryl Mills na Jake Sullivan. Watu walitarajia vita na mapinduzi. Yalikuwemo mazito, ndiyo, lakini nyingi ni ratiba, simu za kurudisha, habari za magazeti, na mara nyingi waziri akimwambia msaidizi wake amchapishie karatasi asome. Kuna mfululizo wa 2009 ambapo yeye na Abedin wanahangaika na faksi tu: simu ikatwe, iwekwe chini, wajaribu tena.

Hilo ndilo linaloitwa serikali ukiichungulia kwa ndani. Sisemi ni sawa na gati la MwanaWaMkomani. Nasema ufupi peke yake si ushahidi wa hila.

#9 WakiliMtaaWaBarani

DadaWaShela, kwa usahihi: 55,000 ni kurasa. Barua pepe zenyewe zilikuwa kama 30,000.

#10 DadaWaShela

Naam, ahsante.

Na kuna moja naipenda sana kwa sababu inafanana na ya kwako, MwanaWaMkomani. Machi 2010 waziri aliwaandikia wasaidizi wake swali moja tu, wamefikia wapi, na kichwa cha barua kilikuwa jina la chakula cha samaki cha Wayahudi. Hakuna kingine. Ilipotolewa hadharani watu walibaki kukisia.

#11 NahodhaWaFaza

Samaki! Sasa uzi umefika kwetu. Dada, usituache hivyo. Samaki gani, na waziri wa dola kubwa anamtakia nini?

#12 KijanaWaMokowe

Mimi nasema alikuwa na njaa. Ndiyo maana swali fupi.

#13 MpambeZamani

Huyo alikuwa na mgeni. Nimeandika jumbe kama hizo mara nyingi: "Pweza amefika?" Maana yake mgeni ashaketi na jikoni hapajaiva.

#14 DadaWaShela

Hapana, wote wawili. Ilikuwa biashara. Samaki wa maziwa na mito kutoka jimbo la Illinois walikuwa wanapelekwa Israeli kwa ajili ya Pasaka ya Wayahudi, na shehena ikakwama kwa suala la ushuru. Mbunge wa huko alikuwa akilalamika. Kwa hivyo maneno machache yale yalikuwa na shehena nzima, kiwanda na sikukuu nyuma yake. Walioandikiwa walijua yote hayo. Sisi wa nje ndio hatukujua.

Kwa hiyo "Lile la gati tumefikia wapi?" inaweza kuwa mtu anayelifuatilia kweli. Huenda huyo ndiye rafiki yenu pekee humo ndani.

#15 NahodhaWaFaza

Nimekuelewa, na mfano ni mzuri. Ila tofauti ni hii: wa Illinois walikuwa na mbunge anayepiga kelele, na samaki wanaharibika kwa siku. Gati linaoza kwa miaka, polepole, na abiria wake hawana kiwanda. Mimi hupakia watu Faza, Kizingitini, Mtangawanda. Nimeona wagonjwa wanavyoteremshwa. Msaidizi akiandika "nakupigia", aliye kwenye maji hajapigiwa.

#16 MjukuuWaKadhi

Tukubali tu kwamba zamani walituzidi. Babu zetu hapa Amu waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na barua ya liwali, mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, haikuwa na haraka. Ilianza kwa kumtaja mwandikiwa na heshima zake zote, ikafuata salamu, ikaja "ama baadu", ndipo jambo lenyewe, kisha wasalaam na tarehe. Ukiishika ulijua nani kaandika, kwa nani, siku gani, na anataka nini. Hata alipotawala Mwingereza hapa tangu 1890, liwali na mudiri waliendelea kuandika hivyo.

Leo mtu mwenye shahada mbili anaandika "Sawa". Sawa nini?

#17 MaalimWaHistoria

Ustadh #16, 1890 ni mwaka Uingereza ilipoifanya Zanzibar na Witu himaya zake. Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo Amu iliingizwa ndani yake, ilitangazwa 1895, na ukanda wa pwani ukabaki wa Sultani kwa jina mpaka makubaliano ya 1963.

Na tusiipambe zamani kupita kiasi. Barua za heshima zilikuwa ndefu, ndiyo, lakini nyingi zilimalizia kwa kusema mengine utayapata kwa mdomo wa mleta barua. Jambo nyeti halikuandikwa hata wakati huo. Lilipanda jahazini na mtu wa kuaminika.

Wakoloni nao waliandika kila kitu, tena vizuri, kwa zile kanuni anazozipenda KaraniMstaafu. Halafu 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, akaelekeza kwamba karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali yake zisirithishwe kwa serikali mpya. Nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Za Kenya zilijulikana hadharani mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mahakamani London, kwamba zilikuwa zimefungiwa Hanslope Park muda wote huo. Kwa hivyo faili kamili nayo haikumsaidia mwananchi, maana aliyeitunza aliondoka nayo.

Hofu yangu kwa kaunti zetu iko hapo hapo. Mshauri na mpambe huletwa na mkubwa na huondoka na mkubwa. Simu ni yake, laini ni yake, barua pepe mara nyingi ni ya gmail aliyoifungua mwenyewe. Uchaguzi wa Agosti ukipita, mazungumzo yote ya miaka mitano yanatoka mlangoni mfukoni mwa mtu. Sheria ya 2019 ya kuingia ofisini kwa gavana imeweka kamati ya kushughulikia makabidhiano, lakini kamati itakabidhi kabati. Simu ya mpambe nani ataikabidhi?

#18 KaraniMstaafu

Maalim #17, Mungu akuzidishie. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo linalopotea.

Ila nakataa kuhusu wakoloni. Ubaya wa waliochoma si ubaya wa faili. Kama zisingeandikwa, wazee wale wangeenda mahakamani na nini?

#19 MaalimWaHistoria

Walienda na miili yao na makovu yao, Mzee. Lakini hoja yako naipokea kwa sehemu.

#20 Msema_Kweli_Hindi

Nyote mnazunguka. Jibu ni woga. Tangu ugatuzi uanze 2013, maandishi ndiyo yanayowatoa watu kazini. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaruhusu bunge la kaunti kupitisha hoja ya kumwondoa gavana, kisha Seneti huamua. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba 2020. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anakuja kila mwaka. Mpelelezi akija anataka karatasi. Sasa wewe ni msaidizi, una mke na watoto, utaandika "mkubwa amesema tenda apewe fulani"? Utaandika "tuzungumze".

#21 MpambeZamani

Si kila "tuzungumze" ni tenda, ndugu. Mara nyingine ni kwa sababu aliyeandika barua ni shemeji wa mwakilishi wadi na ukiandika ukweli kuhusu ombi lake utavunja undugu wa watu. Tunaishi mji mdogo. Karatasi ikitoka ofisini saa nne, saa sita iko Mkunguni inasomwa.

#22 Msema_Kweli_Hindi

Basi hata hiyo ni woga. Umenikubali bila kujua.

#23 MpambeZamani

Ni adabu. Woga ni kitu kingine.

#24 BiMkubwaLangoni

Mkimaliza kugawana woga na adabu mtuambie sisi tunaongoja jibu tunaita nini.

#25 FundiSimuMalindi

Nimechelewa kuingia. Mnaongea kama watu bado wanaandika barua. Kazi yote iko WhatsApp. Nimetengeneza simu nyingi za watu wa ofisi (sifungui vitu vya watu, msiniandame), na malalamiko yao ni hayo hayo: simu imejaa, ina makundi chungu nzima ya kazi. Kundi la idara, kundi la ratiba, kundi la ratiba bila yule, kundi la habari, kundi la msiba. Wengine wameweka ujumbe ujifute baada ya siku saba. Kwa hivyo MwanaWaMkomani, ile barua pepe moja uliyopewa ni bahati. Huenda aliyeandika ni mtu wa umri mkubwa.

#26 DadaWaShela

Hilo la #25 si letu peke yetu. Uingereza, tume ya uchunguzi wa Covid ilidai jumbe za WhatsApp za Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu, na wasaidizi wake bila kukatwakatwa. Serikali ikaenda mahakamani kupinga, ikashindwa Julai 2023. Na zile zilizosomwa mbele ya tume zilionyesha kwamba mambo ya uhai wa watu yalikuwa yakijadiliwa humo humo, katikati ya matusi na utani.

Kwa hivyo nabadilisha mkazo wa nilichosema #8. Ufupi si hila, sawa. Lakini ujumbe unaojifuta ni jambo jingine kabisa, na hapo niko upande wa KaraniMstaafu.

#27 WakiliMtaaWaBarani

Na kisheria pia ni jambo jingine. Sheria ya 2016 inaitaka kila ofisi ya umma itunze kumbukumbu zake zikiwa sahihi na kwa mpangilio unaowezesha kuzipata, na kuharibu au kuficha kumbukumbu kwa nia ya kuzuia zisitolewe ni kosa. Sijasema kila anayeweka ujumbe ujifute ana nia hiyo. Nasema akiulizwa, atatakiwa aeleze.

#28 KijanaWaMokowe

Na kwenye boti mtaweka kinasa sauti?

#29 NahodhaWaFaza

Kwenye boti yangu sisikilizi ya watu, ila naona nani kakaa na nani. Hilo sina haja ya kuliandika.

#30 MjukuuWaKadhi

Swali dogo la pembeni. Barua za wazee ziliandikwa kwa lugha gani, na hao wasaidizi waliandikiana kwa lugha gani? Maana Katiba, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nimeona barua za Kiswahili kabisa zikijibiwa kwa Kiingereza kizito mpaka mzee anatafuta mwalimu wa kumsomea.

#31 MwanaWaMkomani

Wazee waliandika kwa Kiswahili, tena kizuri, mwandishi wao alikuwa imamu. Pembeni maneno yalikuwa Kiingereza, nimewatafsiria hapo juu. Ile "nakupigia" tu ndiyo ilikuwa Kiswahili chenyewe.

#32 KaraniMstaafu

Ngoja nirudi kwenye swali lenyewe kabla hatujafika Mogadishu. MwanaWaMkomani, chukua nakala zako uangalie vitu vitatu. Kuna nambari ya kumbukumbu juu ya barua ya wazee, iliyoandikwa kwa mkono wa karani? Kuna maneno "nakala kwa" mahali popote? Na nambari za kurasa zinafuatana, au zinaruka?

#33 MwanaWaMkomani

Mzee, nimetazama sasa hivi. Nambari ya kumbukumbu ipo. "Nakala kwa" haipo. Kurasa zinaruka: barua pepe ni ya 47, mwaliko wa semina ni 50.

#34 KaraniMstaafu

Basi 48 na 49 zipo mahali, au zilikuwepo. Karani hakosi hesabu hivihivi. Ziombe kwa nambari zake.

#35 MpambeZamani

Huenda ni za mtu mwingine kabisa, zimeondolewa kwa faragha. Ofisi ya mkubwa huchanganya faili moja mambo kumi. Usianze kuwaza mabaya.

#36 Msema_Kweli_Hindi

Au ndiyo zenyewe.

#37 WakiliMtaaWaBarani

Zikiwa zimezuiwa kwa sababu ya faragha, ofisi inatakiwa iseme imekataa na itoe sababu. Kuruka kimya si kukataa. Ushauri wangu ni maombi mawili tofauti. La kwanza kwa ofisi hiyo hiyo, ukitaja ukurasa wa 48 na 49. La pili kwa idara, ukiomba kila kitu kuhusu gati hilo: barua, makadirio ya fundi, na ilivyoingizwa au kutoingizwa kwenye bajeti, maana hapo ndipo MpambeZamani alipokuwa na hoja ya kweli. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo. Wakikunyima au wakinyamaza, unaiandikia Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman.

#38 MwanaWaMkomani

Ahsanteni sana. Naandika leo. Ila napenda ombi la idara litoke kwa wenyewe wa kijijini, si kwa mimi niliye mjini. Mwenyekiti wao wa sasa ni bibi mmoja mwenye akili kubwa, ila kalamu hakusomeshwa. Itakubaliwa?

#39 WakiliMtaaWaBarani

Itakubaliwa. Kifungu cha 8 kinasema ombi liwe kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Na kama mwombaji hawezi kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa wa habari wa ofisi hiyo anatakiwa amsaidie kuliandika. Bibi aende, aseme kwa mdomo wake, afisa aandike, kisha apewe nakala.

#40 BiMkubwaLangoni

Subhanallah, hili sikulijua. Mwambie bibi akishuka Amu apite kwangu Langoni, nitavuka naye Mokowe. Nataka niwepo afisa akiandika.

#41 NahodhaWaFaza

Nauli ya bibi isiwatie shaka. Niambieni siku tu, na iwe siku maji yamejaa.